Salama, Ila

Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari huku Manyoni, na kila asubuhi darasa zima hunijibu kwa pamoja kwamba liko fine. Humo yumo aliyeamka na malaria. Kuna kijana aliwahi kujibu fine kwa sauti kuwazidi wote, kisha akaomba ruhusa aende zahanati kwa sababu ameumwa na nge.

Neno hilo nina kipindi kizima juu yake. Unga uliosagwa ukalainika ni fine. Siku isiyo na wingu ni fine, ingawa kwetu siku ya namna hiyo mwezi wa kwanza ni msiba. Mbuzi wako akiingia shamba la mtu, utalipa fine. Na mkeo akikujibu fine kwa mkato, jua unalala na njaa. Hapo darasa hucheka, nami nafuta ubao.

Nisilolifundisha, maana halimo kwenye muhtasari, ni kwamba fine ya Mzungu ikishasemwa imekwisha. Sisi tumelelewa kutanguliza wema. Habari za nyumbani? Salama. Za mifugo? Salama. Ndipo mtu anashusha pumzi, anasema "ila," na unaambiwa nyumba imeungua. Kuanza na moto ni kukosa adabu.

Mama yangu anaishi peke yake Kintinku. Nilikuwa nampigia simu kila Jumapili nikitoka kanisani. Shikamoo, marahaba, nyumbani salama, kuku salama, alizeti salama. Nasema tumshukuru Mungu, nakata. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Mwaka mzima mama alikuwa salama, nikajiona mtoto mwenye bahati.

Likizo ya Desemba nikaenda. Nilimkuta uani akipepeta mtama. Nikasimama hatua tatu mbele yake, akaendelea kupepeta. Niliposema shikamoo ndipo akainua uso, akaugeuzia upande ambao sikuwepo. Akaenda kunipikia chai akipapasa ukuta mpaka jikoni.

Nikamuuliza kwa ukali, ule ukali wa mwenye kosa, kwa nini hakuniambia.

"Nilikuwa nakuambia, baba," akasema. "Nikifika kwenye ila, simu imeshakatika."

Mwaka mzima nilikuwa namsikiliza mama yangu kwa Kiingereza. Niliona aibu hata chai ikanishinda.

Jumatatu nikampeleka hospitali Singida mjini. Daktari, mdogo kwangu kwa umri, alimwamkia, akamuuliza hali. Salama. Nyumbani je? Salama. Daktari akaweka kalamu mezani, akanyamaza. Hakungoja sana.

"Ila macho, mwanangu," mama akasema. "Hili la kushoto liliondoka wakati wa palizi. La kulia nalo linafunga virago."

Ilikuwa presha ya macho. La kulia limewahiwa, analitia dawa ya matone asubuhi na jioni. La kushoto, daktari alisema, lingewahiwa kama tungefika kipindi kile cha palizi. Alisema kwa upole, akiniangalia mimi.

Mama akamshukuru. Tulipotoka alinishika mkono, akaniambia nisijilaumu, anajua kupiga simu ni gharama. Sikumwambia kwamba kila mwezi dakika za bando langu zilikuwa zinaisha muda wake bila kutumika.