Aliyenyoa Mapema

Siku Kaanaeli alipoondoka Ngujini kwenda kushindana Kenya, baba yake alikuwa akipalilia kahawa kando ya njia. Kijana alisimama hapo na furushi lake. Mzee hakuinua kichwa.

Kaanaeli alikuwa tarishi wa Bwana Stavro, Mgiriki mwenye shamba la mkonge karibu na Same. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa pikipiki, mara Hedaru, mara juu milimani. Hakufundishwa na mtu kuruka mitaro wala kusimama juu ya vikanyagio pikipiki ikiteremka mawe. Njia za Ugweno zilimfundisha, na tope jekundu la masika, na zile kona ambazo ukizikosa unaokotwa bondeni. Huko nyikani wafugaji walimjua kwa vumbi lake. Loth, aliyechunga karibu na barabara, alimpigia kelele kila alipopita.

"Wewe Mpare! Simba akija ng'ombe wangu wanasimama. Ukija wewe wanahama!"

"Waambie wasirudi," Kaanaeli alimjibu, "mimi jioni napita tena!"

Bwana Stavro alipenda mashindano kuliko alivyopenda mkonge. Akaona ampeleke kijana wake Nairobi, ambako Wazungu walikimbiza pikipiki katika viwanja vya matuta na matope. Mashindano hayo yalifanyika Jumapili. Hapo ndipo Mzee Melkizedeki, baba yake Kaanaeli, alipokataa, maana alikuwa mzee wa kanisa na neno lake lilikuwa moja.

"Jumapili?" aliuliza.

"Ndiyo, baba. Ndiyo siku yao."

"Siku yao. Na Mungu tumpe ipi, Jumanne?"

"Nitasali asubuhi, baba, kabla ya—"

"Utasali umevaa ile miwani ya vumbi? Nenda, Kaanaeli. Miguu ni yako. Lakini baraka ni yangu, na sikupi."

Kwa watu wa nyumba ile baraka haikuwa maneno matupu. Mtoto anayekwenda safari ya mbali aliinama, mzazi akamtemea mate kidogo kifuani, kisha akamwombea. Ukristo ulipokuja, Mzee Melkizedeki aliongeza sala, mate hakuyaacha. Kusafiri bila kutemewa mate kulikuwa sawa na kutoka nyumbani uchi, na hivyo ndivyo Kaanaeli alivyotoka.

Kenya siku zile ilikuwa katika hali ya hatari. Mtu mweusi hakutembea mjini bila karatasi, na Kaanaeli aliishika ya kwake kama mtu anayeshika yai. Alilala katika chumba cha watumishi, nyuma ya jiko la rafiki yake Bwana Stavro. Uwanjani kipaza sauti kiliwataja wengine kwa majina ya baba zao, yeye kikamtaja kwa namba. Jumapili ya kwanza alianguka kwenye tuta la mwisho, akainuka, akamaliza. Ya pili ni mtu mmoja tu aliyemtangulia. Kikombe kidogo cha nafasi ile kilipelekwa ndani walikokuwa wakinywa, yeye akaletewa chakula mlangoni mwa jiko.

"Umewashinda Wazungu wangapi leo?" mpishi wa nyumba ile alimwuliza.

"Wote, kasoro mmoja."

"Basi nisaidie kuosha sahani zao, wasije wakakuchukia."

Walicheka sana. Lakini kila Kaanaeli alipoipiga teke pikipiki iwake, aliuona ule mgongo ulioinama kwenye kahawa. Alikwisha kuamua. Yalibaki mashindano ya Jumapili moja, makubwa kuliko yote. Akiyamaliza angerudi Ngujini, angepiga magoti mbele ya baba yake na kusema amekosa. Hakutaka kitu kingine duniani ila kutemewa mate yale.

Ijumaa akatokea Isihaka, dereva wa lori la vitunguu la kutoka Hedaru.

"Shikamoo, bwana Isihaka."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Isihaka alishuka taratibu, akajifuta jasho. "Njia ya kwenu nilisimamishwa. Dada yako Yudith aliteremka mlimani mpaka barabarani kunipa maneno. Anasema baba mgonjwa, uje."

"Anaumwa nini?"

"Hakusema. Mgonjwa, uje." Kisha akamshika bega. "Jikaze, mwanangu."

Msomaji wa kwetu ameshaelewa Kaanaeli alielewa nini. Aliye mbali haambiwi msiba waziwazi. Huambiwa fulani mgonjwa, njoo, ili asianguke njiani, na akifika huona kaburi ndipo alie. Tumeuita uongo huo huruma, tukauzoea, mpaka neno ugonjwa likapoteza maana yake. Mtu akiugua kweli hatuna tena neno la kumwitia mwanawe.

Kaanaeli aliketi kwenye ngazi ya jiko. Alijua kwamba mlimani maiti haikawii kuzikwa, na maneno yale yalikuwa yamelala njiani. Basi baba alikuwa amezikwa.

"Napakua leo," Isihaka alisema. "Alfajiri nageuza. Twende."

"Tangulia, bwana. Nitakuja baada ya Jumapili."

Isihaka alimtazama kwa huruma. "Haya," alisema, akarudi kwenye lori lake.

Tusimtakase Kaanaeli. Angeweza kumwuliza Isihaka swali moja zaidi: Yudith alikuwa akilia? Hakuuliza, kwa kuwa kwetu mlango huo haubishwi hodi. Tena hakuuliza kwa kuwa alitaka kushinda. Desturi ilimpa ruhusa ambayo moyo wake ulikuwa unaitafuta. Kesho yake akaenda kwa kinyozi, akanyoa kichwa chote kama afanyavyo mfiwa.

Jumapili mvua ilinyesha. Uwanja ukawa tope jekundu, na Kaanaeli alikuwa nyumbani ndani ya tope lile. Wengine walipopunguza mwendo kilimani yeye aliongeza. Aliruka matuta kama mtu asiye na wa kumlilia, na miwani yake ikajaa machozi mpaka akaivua na kuitupa. Akawa wa kwanza. Bwana Stavro alimkumbatia mbele za watu, tope lote likabaki kwenye koti lake jeupe. Kaanaeli akaomba ruhusa ya kwenda kwenye msiba wa baba yake.

Jumanne alasiri alipanda Ngujini kwa miguu. Karibu na nyumbani aliona vijana wakichimba pembeni mwa kahawa, na udongo ulikuwa mbichi. Akashangaa kidogo. Alitarajia kaburi lililokwisha kufukiwa.

Yudith alimwona, akaja mbio, kanga imemwanguka mabegani.

"Kaka! Nani kakuambia? Ndugu zetu wa hapo Usangi wenyewe bado hawajaambiwa!"

"Isihaka aliniambia."

"Isihaka atajuaje? Baba amekata roho alfajiri ya leo."

"Leo?"

"Leo, kaka."

Ndipo akamtazama kichwani. Nywele zilikwisha kuanza kuchomoza, zimesimama kama ukoka uliofyekwa.

"Kichwa hiki umekinyoa lini?"

Kaanaeli alipitisha kiganja kichwani.

"Kaka. Umekinyoa lini?"

"Jumamosi."

Yudith akaweka mkono mdomoni. "Jumamosi alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji," alisema. "Kila gari likinguruma huko chini anauliza, 'Si pikipiki ile?'"

"Ulisema mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa! Ulitaka niseme nini?"

Walimzika kabla ya giza. Wafiwa walipokusanywa wanyolewe, baba mdogo alipita na wembe kichwa kwa kichwa, akafika kwa Kaanaeli, akasita, akapita. Watu wote waliona.

Watu walipotawanyika, Kaanaeli alimfuata dada yake nyuma ya nyumba.

"Yudith. Aliniachia neno?"

"Alikubariki, kaka."

"Vipi?"

"Jana jioni aliomba maji alainishe kinywa. Akageukia mlangoni, akatema mate, akasema, 'Hayo ni ya Kaanaeli, popote alipo.'"

Yalikuwa ndiyo maneno aliyoyatamani. Lakini alimtazama dada yake machoni na kuona kitu kilekile alichokiona machoni mwa Isihaka siku ile: huruma. Na huruma ya kwetu aliijua.

"Kweli?"

"Kweli, kaka."

Bwana Stavro alimpelekea wito wa mashindano mengine, akakataa. Alibaki na barua zake na njia zake. Yudith aliolewa Myamba, na Kaanaeli alikwenda kumtembelea kila baada ya mavuno. Wakisha kula, watoto wakisha kutoka, alimwuliza tena, na Yudith akamjibu tena: aliomba maji, akageukia mlangoni. Mwaka mmoja Yudith alichoka, akalia.

"Kaka, nikuapie kwa nini ndipo uamini?"

Kaanaeli alifikiri sana. Hakuona kitu ambacho akiapiwa angeamini.