Projestus, Mpangaji Aliyetuandika

Projestus hakuwa askari. Nasema hili mwanzoni kwa sababu watu wa Temeke mpaka leo wanasema alikuwa kachero wa serikali, na mie sipendi mtu asingiziwe, hata kama ndiye aliyenitia msiba. Makachero wa serikali tuliwajua. Walikuja na kanzu safi na kofia za viua, na chini buti za polisi. Mume wangu Jamali alikuwa akimwona mmoja anamwamkia, "Karibu bwana harusi. Buti umeazima wapi?" Wakirudi mjini hawana hata neno moja mkononi.

Basi serikali ikawa kiziwi huku kwetu. Akatokea Mzungu mmoja, mwanajeshi mstaafu, akafungua ofisi yake mwenyewe mjini, akawa anaiuzia serikali maneno kama wengine wanavyouza nazi. Projestus alikuwa mtu wa huyo Mzungu. Hayo nimekuja kuyajua baadaye, wakati hayanifai tena.

Mie nilimjua kama mpangaji. Alikuja mwaka 1952, Mhaya mrefu, mpole, na sanduku la bati na picha ya Bikira Maria. Nikampa chumba cha uani. Meza yake aliiweka barazani kwa Hashil, muuza duka jirani yetu, akawa anaandikia watu barua. Anayetaka kumsalimu mama yake Rufiji, aliyegombana na msimamizi wake bandarini, wote walikwenda kwake. Na mwandishi wa barua utamficha nini? Ukimficha, barua itaandikwaje?

Jamali alikuwa hamali bandarini, mtu wa maneno mengi na mzaha, akampenda sana.

"Projestus, leo sie tuna nguru wa nazi. Panzi wako wamekwisha?"

"Senene si panzi, bwana Jamali. Siku utakapoonja utahamia Bukoba."

"Nihamie Bukoba nikazikwe na nani?"

Tukicheka. Wallahi tulicheka.

Projestus ndiye aliyenifundisha herufi. Samiha, mkewe Hashil, alijua kusoma, na alikuwa akinitambia mpaka nikachoka. Nikamwambia Projestus, nifundishe. Kila alasiri akimaliza barua zake, alichukua karatasi ya kufungia sukari akaniandikia herufi kubwa, moja moja, zimeachana kama kuku wasiopendana. Nilianza na NUNU, jina langu. Halafu JAMALI.

"Unashika upesi, mama."

"Sikuja kusifiwa. Leta nyingine."

Sasa, sie mtaani tulikuwa na chama cha kufa na kuzikana. Watu arobaini, mwenyekiti Hashil, katibu Jamali. Akifa mmoja, chama kinatoa sanda, ubani na wali wa matanga, na watu wa kubeba. Mwaka uliofuata tukachongesha jeneza jipya la mninga, tukaliweka kwangu, chumba cha mbele. Siku lilipoletwa kila mwanachama aliweka mkono juu yake akasema, "Nitakuzika, nawe unizike." Projestus alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

Jamali akamwita, "Ingia, weka mkono! Mtu wa bara kama wewe, huku una nani?"

Akatabasamu, akasema dini yake nyingine. Hakuweka.

Siku chache baadaye nilimpelekea nguo zake zilizofuliwa. Mlango wazi, mwenyewe yuko kisimani, daftari limefunguliwa mezani. Nikaliona jina la mume wangu. JAMALI, JAMALI, JAMALI, mara tatu katika ukurasa mmoja. Hayo mengine yalikuwa mwandiko wa kuunganisha, umelala kama nyasi zilizopigwa na mvua, sikuweza kushika hata neno. Nikageuka, yuko nyuma yangu na ndoo.

"Mama, unasoma?"

Ningesema nini? Kwamba miezi sita ya kufundishwa naishia kwenye jina? Nikasema, "Nasoma."

"Umeona nini?"

"Nimeona yote."

Akatua ndoo, akakaa kitandani. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayengoja kupigwa. Akaniuliza polepole, "Na umeonaje?"

Mie nilidhani ni mambo ya chama, kwamba Jamali kamwomba amwandikie. Nikasema, "Umeandika vizuri."

Akashusha pumzi. Kesho yake, Jumamosi, akaenda mjini na bahasha mkononi, kama alivyofanya kila Jumamosi.

Ilikuwa zile siku za habari za Kenya, watu wanasema huko wanakula viapo porini vya kuua Wazungu, na Wazungu wote wanatazama nyuma. Wiki mbili hazikwisha, asubuhi lori la polisi likasimama kwangu. Wakamchukua Jamali, wakamchukua Hashil, wakachukua na jeneza. Bwana mkubwa wao akasema kwa Kiingereza, mkalimani akauliza, "Anasema, mmekula kiapo kumzika nani?"

Hashil akajibu kwa adabu kabisa, "Yeyote atakayetangulia."

Mkalimani akafasiri, na yule bwana mkubwa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokitafuta.

Hashil alitoka baada ya mwezi. Alikuwa na duka, na wafanyabiashara wenzake wakamsemea. Jamali alikuwa hamali, na orodha ya majina arobaini ilikuwa kwa mkono wake. Wakampeleka bara, kijiji cha mbali sana, wakasema akae huko mpaka aitwe. Mwezi wa saba homa ikamchukua. Habari ilitufikia amekwisha kuzikwa. Katibu wa kuzikana, watu arobaini wake tuko hapa, hakuna hata mmoja aliyemshika mguu.

Nikakaa eda. Siku ya tatu ya matanga Projestus akaja nyuma ya mlango wangu akaniambia kila kitu, ya Mzungu na ya bahasha.

"Niliandika nilichokiona, mama. Mkono juu ya jeneza, na maneno waliyosema. Sikuongeza hata neno moja."

"Na sanda uliiandika? Ubani? Wali wa matanga?"

"Nilidhani anajua. Nani asiyejua kufa na kuzikana?"

"Mzungu."

Kisha nikamsikia analia. "Nilikuuliza, mama. Nilisema moyoni, mwenye mume akisema ni vibaya, naichana ile karatasi. Ukasema vizuri."

Hapo ndipo pa kumwambia kwamba sikusoma. Sikumwambia. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu.

Aliondoka na sanduku lake, na mjini kwa Mzungu hakurudi tena. Wiki ile nilipomaliza eda akatokea, amekonda, miguu imevimba. Alikuwa amekwenda kule bara, akauliza nyumba hadi nyumba kama alivyozoea kuuliza. Akanipa karatasi iliyokunjwa.

"Nikusomee, mama?"

"Ulinifundisha bure?"

Akainama, akaondoka. Alikwenda kulima Kinyerezi, na mwaka wa pili akafa. Chama kilikataa hata kutajiwa jina lake. Nilikwenda mie, nikamkuta padri na watu wawili. Nilitupa udongo, nikarudi.

Ile karatasi nilikuwa nimeifungua siku ileile aliponipa, mlango nimeufunga. Ilikuwa karatasi ya kufungia sukari. Herufi kubwa, moja moja, zimeachana. Basi alikwisha kujua kwamba mwandiko wa kuunganisha siuwezi. Sijui alijua lini, na hakusema.

Ilinichukua mpaka magharibi. JAMALI AMEZIKWA VIZURI. WATU SITA. SANDA IPO. UBANI UPO. WALI ULILIWA.

Siku hizi naitazama naona huo wali. Nani aliyempikia mgeni aliyefungiwa kijijini kwa watu? Lakini Projestus hakuwa mtu wa kuongeza neno. Kama aliongeza, aliongeza hapo tu.