Mji Uitwao Made

Nyie mliokulia Biryogo, hapa Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini mtanikumbuka: yule binti wa fundi cherehani aliyejifanya bingwa wa mashine za gemu. Nilikuwa na miaka kumi. Mashine zenyewe mtaani zilikuwa tatu, na moja ilikuwa yetu, mjomba aliinunua Bujumbura. Tulicheza kwa zamu, tukipuliza kaseti mpaka midomo inakauka, huku mama akipiga kelele jikoni kwamba maharage yanaungua.

Kazi yangu ilikuwa kusema mashine imetoka wapi na ina umri gani. Naipima mkononi, kwani nzito ndiyo nzuri. Nainusa plastiki. Kisha naigeuza nasoma chini: "Made in Japan". Shuleni tulisoma Kinyarwanda na Kifaransa, Kiingereza sikijui, basi nikaamini Made ni mji mkubwa wa Japani wenye viwanda. Nikawafundisha wenzangu, nao wakaniamini. Siku tulipokuta redio imeandikwa "Made in Taiwan" niliwaambia, bila hata kupepesa jicho, kwamba huko kuna Made ndogo.

Ndipo baba yake Zawadi, dereva wa lori, akarudi kutoka Mombasa na zawadi ya bintiye. Zawadi alikuwa rafiki yangu wa damu. Alituita wote sebuleni kwao, mashine ameifunika kwa kitambaa cha meza. Nikaipima: nyepesi. Nikaigeuza: maandishi ya ajabu tu, Made hakuna.

"Iyi iko feki," nikatangaza. "Baba yako wamemdanganya."

Watoto wakacheka. Zawadi akaikumbatia mashine yake, akalia.

Mama alipopata habari hakunipiga. Alisema tu, "Nenda kwa watu ukaombe radhi. Na mashine yako uibebe."

Mzee, baba yake Zawadi, alinipokea vizuri, jambo lililoniumiza zaidi. Zamani aliwahi kutengeneza redio. Akachukua bisibisi, akafungua ya Zawadi, akanionyesha vidude vyeusi vilivyopangwa juu ya kibao cha kijani, kila kimoja na namba.

"Soma hii."

"Themanini na nne, arobaini na moja."

"Kimetengenezwa mwaka wa themanini na nne, wiki ya arobaini na moja. Na maandishi ya chini ni ya Kijapani. Hawakuitengeneza ili wewe uisome."

Kisha akafungua yangu. Ndani mlikuwa na kibao kidogo kama kiberiti, tone moja jeusi kama lami, na kipande cha chuma kilichogundishwa ili tu iwe nzito. Nikajitetea kwamba imetoka Made. Mzee akaniuliza Made ni wapi. Nikamweleza, mpaka na ile Made ndogo.

Alijikaza asicheke, masikini. Zawadi ndiye aliyeanguka kwenye mkeka kwa kicheko, nami nikajua nimesamehewa.

"Hata hii inacheza, mwanangu," mzee akasema akikaza skrubu. "Ila usimwaibishe mtu kwa usichokijua."

Kisha mwaka wa tisini na nne ukaja. Zawadi na wazazi wake waliishia Kigoma. Sisi tuliporudi Biryogo tulikuta nyumba imebaki kuta. Mashine sikuziulizia, kulikuwa na watu wa kuulizia.

Siku hizi kijana wangu akitaka kujua kifaa kimetoka wapi anakipiga picha kwa simu, kabla sijavaa miwani ameshajibiwa. Kweli wametuzidi, hawana haja ya bingwa wa uongo. Juzi nilimkuta chumbani anacheza na mtu aliye mbali, wanacheka kama ndugu. Nikamuuliza mwenzake anaitwa nani.

"Sijui, mama. Sijawahi kumuuliza."

Nikatoka nje kwenye baraza, nikampigia Zawadi simu.