Maji ya Bariki

Ruth alizaliwa juu mlimani, kwenye migomba ya Wameru, ambako vijito hutoka msituni vikiwa baridi hata kwenye jua la mchana. Alipoposwa na Aminieli, seremala wa Kikatiti kule chini, jambo la kwanza alilolitazama kwa wakwe zake lilikuwa meno. Yalikuwa ya kahawia, mengine yamemomonyoka. Watu walisema ni damu ya ukoo. Mama yake Ruth hakukubali.

"Ni maji ya kule," alimnong'oneza siku ya kuagana. "Ukipata mtoto, mtafutie maji mengine."

Maji mengine yalikuwa ya mvua. Aminieli aliwahi kumjengea mzungu mmoja ghala la kahawa, akapewa mabati yaliyosalia. Akaezekea nyumba yake. Ruth akamsihi akunje bati moja liwe mfereji chini ya upenu, na mwishoni mwa mfereji wakasimamisha pipa lililokuwa la mafuta, baada ya kulichoma moto ndani mpaka harufu ikaisha. Mtoto wao Bariki alipoachishwa ziwa, alikunywa maji ya pipa hilo. Ruth na Aminieli walikunywa ya chemchemi kama majirani wote.

Kisha dada yake Aminieli, aliyeolewa na Mwarusha wa Olmotonyi, akafariki akijifungua. Aminieli alirudi kutoka msibani amembeba binti mdogo wa marehemu, rika moja na Bariki.

"Anaitwa Nasieku," alisema. "Kuanzia leo ni wetu."

Ruth alimpokea. Alimwogesha, akamshonea gauni, akamlaza kitanda kimoja na Bariki. Akina mama kanisani walimsifu, naye alizipenda sifa zile. Lakini kiangazi kilipokaza na maji yakashuka pipani, Ruth aliinama akachungulia ndani, akaona hayatatosha vinywa viwili. Nasieku alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha bati mkononi.

"Hayo ni ya Bariki, mwanangu," Ruth alimwambia. "Tumbo lake ni bovu. Wewe una tumbo zuri, kunywa ya mtungini."

Bariki hakuwa na ugonjwa wowote wa tumbo. Ruth alijiambia kwamba ni mpaka mvua inyeshe tu. Masika yakaja, pipa likafurika, maji yakatiririka uani na kuku wakayanywa. Hata hivyo hakulirudia lile neno kulibadili. Labda alihofia kiangazi kingine. Labda, na hili ndilo lililomtafuna baadaye, ilikuwa rahisi kuliacha lilivyo.

Nasieku aliamini kila neno. Wenzake Bariki walipokuja kucheza na kukimbilia pipa, aliwazuia kwa mikono miwili. "Msiyaguse! Ni ya Bariki, anaumwa tumbo!" Ruth alikuwa jikoni anapepeta mahindi, akasikia. Aliendelea kupepeta.

Meno ya utoto yalipong'oka na mapya kuota, ya Bariki yalitoka meupe. Ya Nasieku yalitoka na madoa, na kila mwaka madoa yakazidi kukolea, mpaka mtoto akajifunza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Ruth aliona. Alijifariji kwamba hakuna mtu ajuaye kwa hakika. Huenda kweli ni ukoo, kwani mama wa Nasieku si alizaliwa Kikatiti?

Faraja hiyo ilidumu hadi siku mganga msaidizi wa serikali alipokutanisha akina mama karibu na soko. Nasieku alikuwa msichana mkubwa sasa, anajiandaa kwa kipaimara. Mganga alizungumzia kuhara, akazungumzia macho, kisha akasema maji ya ardhini ya huku huharibu meno ya watoto yangali yanaumbika, hata mifupa ya wengine, na mwenye bati akinge ya mvua. "Meno yakishaota hivyo," alisema, "hayarudi."

Ruth aliinuka kabla hawajaagwa. Jioni ile alichota maji ya pipani, akampa Nasieku kikombe.

Nasieku alikitazama. "Tumbo la Bariki limepona, mama?"

"Limepona."

"Tunamshukuru Mungu," alisema Nasieku, akanywa yote.

Miaka ikapita. Nasieku aliolewa na Naftali, mkulima wa Nduruma, mahali ambako maji yana magadi kuliko hata Kikatiti. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi. Habari zilipofika kwamba ana mimba, Ruth alishindwa kula. Akamwambia Aminieli, "Ezua mabati ya upande wa nyuma. Tumpelekee Nasieku."

"Nasi tulale wapi mvua ikinyesha?"

"Huko nyuma tutaezeka nyasi."

"Mke wangu, kuna nini?"

Ndipo akamweleza yote, amesimama, mikono ameifunga kwenye khanga. Aminieli alichukua ngazi. Kwa muda mrefu Ruth alisikia misumari ikilia inapong'olewa, na mumewe hakugeuka kumtazama hata alipompelekea uji.

Waliyapeleka mabati Nduruma kwa mkokoteni wa ng'ombe, pamoja na pipa lile lile. Aminieli na Naftali walipokuwa wakiezeka, Ruth aliketi na Nasieku jikoni.

"Nasieku, lile tumbo la Bariki..."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Siku ya mganga nilikuwa nimesimama nyuma yenu, nimembeba mtoto wa jirani. Nilisikia."

Ruth alikumbuka kikombe, akakumbuka swali. "Mbona hukusema?"

"Ningemshitakia nani?" Nasieku alikuwa akimenya viazi, kisu hakikusimama. "Mama niliyekuwa naye ni wewe."

Ruth alingoja alaumiwe. Alitamani hata kufukuzwa. Nasieku alimpa kisu kingine, wakamenya viazi pamoja hadi sufuria ikajaa.

Aliporudi Kikatiti, Ruth alikwenda kwa mchungaji. Aliombewa, akasomewa neno la msamaha, akarudi kwenye Meza ya Bwana. Hata hivyo, kila wingu lilipotanda upande wa Nduruma aliacha kazi akasimama kulitazama. Vuli ilichelewa. Mtoto wa Nasieku alizaliwa, akaanza kukaa, ndipo mvua ikashuka.

Siku chache baadaye Naftali alipita akielekea Moshi, akaingia uani.

"Shikamoo, mama. Nasieku anasema pipa limejaa."

"Marahaba, baba. Hakusema jambo jingine?"

Naftali alifikiri kidogo. "Hapana, mama. Alisema tu nikwambie limejaa."