Ni Wewe ao Ni Shingo?

Leo nimetia jogoo mu maji ya moto, na harufu ya manyoya ikanirudisha mu mnada wa kanisa yetu, Butembo. Pengine nakosea kidogo, nilikuwa mutoto.

Kisha misa, matoleo yaliuzishwa mulangoni: kabichi, vitunguu vya majani tunaita poireaux, jogoo. Yaya yangu, binti mukubwa wa kwetu, alikuwa na ugonjwa: shingo inaruka, sauti inatoka yenyewe, "Hep!" Papa alikuwa amesema, yaya akipiga kelele tena kanisani, atamufungia mu chumba cha maombi mpaka pepo itoke. Papa hakuwa mubaya. Aliogopa.

"Nani anaongeza?" katekista akauliza, jogoo mukononi.

"Hep!"

"Merci, binti! Nani tena?"

Mama akamukamata mabega. Yaya akajikaza mpaka machozi, kisha ikatoka mufululizo: "Hep! Hep! Hep!"

"Jogoo ni yake!"

Sisi hatukuweza kulipa hata mukia. Papa akasimama, amekasirika.

"Hapana mimi, papa katekista," yaya akalia. "Ni shingo. Nikiizuia, inazidi."

Jogoo nayo ikawika.

Mama akamugeukia papa: "Na hii pia utaifungia?"

Batu bakacheka, papa wa mwisho, lakini alicheka, na katekista akauzisha jogoo upya. Chumba hakukitaja tena. Jina la ugonjwa, Tourette, daktari wa Beni alitupatia nyuma ya miaka mingi.

Tangu pale, kila mnada katekista aliuliza kwanza: "Binti, ni wewe ao ni shingo?"

"Shingo, papa."

Jumapili moja, katekista na kabichi mukononi, yaya alijibu: "Leo ni mimi." Tukala kabichi.