Kivuli Kwenye Bango la Harusi

Jamani, aibu niliyoipata siku ile ndiyo inayonifanya hadi leo nikipita karibu na ukumbi ule wa Shangani, hapa Mtwara, niinamishe uso, na najua mtanicheka, chekeni, lakini mnisikilize kwanza.

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa na kiduka cha steshenari Rahaleo (kompyuta moja, printa moja, na majigambo ya kutosha kampuni nzima). Mwalimu Athumani akaleta kazi ya bango la harusi. Mkewe wa kwanza, Somoe, alikuwa ameshafariki, sasa anamwoa Mwanahawa. Harusi ile ya kwanza bango nililichora mimi, Somoe kamwekea mume mkono begani, basi uvivu ukanituma nitumie mchoro uleule. Kumfuta marehemu nilishindwa (mkono ulikataa kabisa), nikamficha tu, nikaandika ndani ya faili agizo kwamba asionekane, kisha nikamchora Mwanahawa upande wa pili.

Faili likawa zito, na intaneti ya Mtwara enzi zile mnaikumbuka, kulituma kwa mchapaji Dar ni kazi ya kutwa. Nikakumbuka kiprogramu changu cha kusafisha michoro, kile unachokiandikia amri kwenye dirisha jeusi, hakina hata kitufe cha kubonyeza, nikakiamuru king'oe maelezo yote ya ziada. Faili likawa jepesi, nikajisifu, nikatuma bila kulifungua tena, na bango likaja kwa basi siku yenyewe ya harusi, limeviringishwa.

Lilikunjuliwa watu wameshakaa. Vigelegele vilianza, vikakatika. Pale bangoni, ubavuni mwa Mwalimu, alisimama mwanamke mweusi tii, hana macho, hana mdomo, mkono begani kwake. (Kiprogramu kilikuwa kimeng'oa lile agizo langu la kumficha, pamoja na rangi zake zote nilizoziandika hapohapo, na umbo lisilo na rangi huchapwa jeusi.) Feni ikilipuliza bango, ule mkono ukawa kama unampapasa bega. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Somoe."

Na mimi nikasimama nieleze! "Ndugu wageni, ni amri tu ya kompyuta..."

"Umemwamuru nani?" shangazi wa bibi harusi akanidaka. "Umemwamuru aje?"

Walioketi karibu nami wakasogeza viti, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Mwanahawa analia, shangazi anamvuta waondoke, nikaona ndoa ya watu inavunjika kwa sababu yangu, nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo akainuka Bi Esha, mama mzazi wa Somoe, aliyekuja kumbariki mkwewe. Akasema taratibu, "Mwanangu kaja harusini. Mpeni kiti."

Mwanahawa akafuta machozi, akajitoa mikononi mwa shangazi, akavuta kiti mwenyewe na kukiweka ubavuni mwake. "Karibu, dada." Pilau ikapakuliwa, sahani ikawekwa na pale, harusi ikaendelea, ila hakuna aliyethubutu kupita mbele ya kile kiti.

Wiki iliyofuata mama mmoja kutoka Nanyamba aliingia dukani na picha ya marehemu mumewe, kaifunga kwenye kitambaa. "Nasikia wewe unawaita." Nikamwambia, mama, mimi nachora tu. Akajibu atasubiri, akakaa mpaka nikafunga duka. Basi nimeapa, kwenye mchoro simfichi mtu tena: ama namfuta, ama namwacha aonekane.