Jiwe Lisilokuwepo

Dereva huyu wa kampuni ya mbao alijua kujisifu, na vibarua walimpa sababu: walimwita Chui wa Matope. Mkewe, fundi cherehani, alizijua sifa hizo kwa kuzisikia tu. Siku hiyo alipanda kiti cha mbele, anakwenda kambi ya wakata miti kumwona mjukuu, na vibarua wakajazana nyuma na mapanga yao.

Lami ilipoisha, Chui akaingiza fowili, magurudumu yote manne yakavuta. Gari likapanda mizizi, likainamia upande, likavuka kijito na kuteremka kwenye tope taratibu. Mama wa watu roho mkononi. Lakini haki ya mtu mpe: mzee usukani aliujua.

Wakafika mahali tambarare, njia nyeupe, miti imekaa mbali. Mara mume akakata kona kali, matawi ya vichaka yakachapa kioo, akarudi njiani.

"Umekwepa nini, baba watoto?"

"Jiwe. Lile kubwa."

Mke akageuka kutazama. Palikuwa na udongo mpya na alama za matairi ya trekta. Jiwe lilishang'olewa.

"Jiwe gani? Hakuna jiwe pale."

Mume akasimamisha gari. Hakumtazama.

"Kwani huoni?" mke akauliza.

"Naona mwanga. Na vivuli."

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya juzi. Lakini njia hii ninayo kichwani, mama watoto. Kila mzizi."

Muda wote huo mke alikuwa akimgombeza kwa kumwaga chai mezani, akidhani ni uzembe. Mtu analala naye kitanda kimoja, na hakujua. Mbele yao kulikuwa na daraja la magogo, na yeyote angeweza kuwa amelisogeza gogo moja tangu jana.

Nyuma, mtu akagonga bati. "Chui, umesinzia? Tia moto!" Wakacheka wote.

"Usiwaambie," mume akanong'ona. "Wakijua, kazi sina. Tutaishije?"

Mke alitaka kumfichia. Jamani, alitaka sana. Cherehani peke yake haingeilisha nyumba ile, na huyu alikuwa mumewe. Lakini kile kicheko cha nyuma kilikuwa bado kinaendelea. Akafungua mlango, akashuka.

"Shukeni wote. Mzee haoni."

Kicheko kikakatika. Halafu mlango wa dereva ukafunguka, na Chui wa Matope akaanza kushuka, mguu mmoja ukipapasa hewani, ukiitafuta ardhi.